Nilichanjwa, nikachangia damu, nikaambiwa nina homa ya ini B

SWALI

Ndugu mshauri, habari za kazi.

Mimi ni mwanamume wa miaka 34, mchangiaji damu wa hiari. Nimekuwa nikichangia kwa miaka kadhaa na kila mara majibu yalikuwa safi. Safari hii kituo cha damu kilinipigia simu nirudi. Mnasihi aliniita faragha, akaniambia kipimo cha homa ya ini B kimeitikia, damu yangu haitatumika, na nisichangie tena mpaka watakaponijulisha. Nilipewa karatasi iliyoandikwa hivi: HBsAg imeitikia, S/CO 1.9, marudio 1.8 na 2.0; uthibitisho bado.

Nikaenda maabara nyingine. Wakanitoboa kidole, wakasema sina kitu. Sasa nimwamini nani? Rafiki yangu anadai kituo kimechanganya damu yangu na ya mtu mwingine.

Nyumbani mambo yameharibika. Mke wangu ameniuliza nimeutoa wapi ugonjwa huu na sina la kumjibu. Nimejitengea sahani, kikombe na taulo, na watoto siwapakati. Mtu mmoja ameniletea unga wa mizizi, anasema unasafisha ini ndani ya mwezi.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba siku tisa kabla ya kuchangia tulichanjwa kazini dozi ya kwanza ya chanjo ya homa ya ini B. Je, chanjo haikushika? Au ndiyo iliyoniambukiza? Na waliopewa damu yangu ya miaka iliyopita, nimewadhuru? Nitaweza kuchangia tena?

Mchangiaji mwenye hofu

JIBU

Pole sana ndugu yangu. Nianze na ya kufanya leo, maelezo yafuate.

Huo unga wa mizizi usiuguse. Sahani na kikombe virudishe pamoja na vya wenzako, na watoto wapakate kama zamani, maana kirusi hiki hakiambukizwi kwa kula pamoja, kukumbatiana, kukohoa wala kupeana mikono. Mpaka majibu kamili yatoke, wewe na mkeo tumieni kondomu. Wembe, mswaki na kikata kucha kila mtu awe na vyake. Damu usichangie popote, hata kama ni ndugu anayehitaji. Kwa sasa hayo yanatosha.

Tuje kwenye karatasi yako. Jibu linaloelekea zaidi kuwa la kweli liko palepale ulipouliza kama chanjo haikushika. HBsAg ni protini ya ganda la nje la kirusi cha homa ya ini B. Baruch Blumberg na wenzake ndio waliokutana nayo kwanza katika damu, wakaitangaza mwaka 1965, na kazi hiyo ikampatia Blumberg Tuzo ya Nobel mwaka 1976. Protini hiyo ndiyo inayotafutwa kwa kila mchangiaji, na ndiyo hiyohiyo iliyomo kwenye chanjo. Chanjo za kwanza, za mwanzoni mwa miaka ya 1980, zilitengenezwa kwa kuichuja kutoka damu ya watu wenye maambukizi ya kudumu. Za leo hutengenezwa kwa hamira iliyopandikizwa jeni moja tu, ile ya kujenga ganda. Ndani yake hakuna kirusi, kwa hiyo haiwezi kukuambukiza. Lakini dozi ya mtu mzima hubeba kwa kawaida mikrogramu 10 au 20 za HBsAg, kutegemea mtengenezaji, na baada ya kudungwa bega kiasi kidogo cha protini hiyo huzunguka kwenye damu kwa siku kadhaa kabla mwili haujaiondoa. Mashine za kupima damu za siku hizi huweza kuiona. Kwa kawaida hutoweka ndani ya wiki mbili au tatu. Wewe ulichangia siku ya tisa.

Sijasema kwamba ndivyo ilivyo kwako. Nasema hakuna mtu anayeweza kukuambia kwa haki kwamba una homa ya ini B kwa kutumia sampuli iliyochukuliwa siku tisa baada ya chanjo, na hakuna anayeweza kukuambia kwa haki kwamba huna kwa kukutoboa kidole. Nieleze kwa nini, maana ukielewa kazi ya kila kipimo utajua cha kudai ukirudi kituoni.

Ulipochangia, pamoja na ule mfuko wa mililita 450 hivi, zilijazwa chupa ndogo za sampuli zenye namba ileile ya mfuko. Mfuko uliwekwa kando, haukuruhusiwa kutoka. Sampuli zikazungushwa kwenye sentrifuji, na majimaji ya juu yakapimwa vitu vinne ambavyo Shirika la Afya Duniani linataka kila damu ipimwe: virusi vya UKIMWI, homa ya ini B, homa ya ini C na kaswende. Kama kituo kinatumia njia ya ELISA, majimaji hayo, takribani mikrolita 100, huwekwa kwenye kishimo kilichopakwa kingamwili zinazoikamata HBsAg. Huachwa kwenye joto la nyuzi 37 kwa muda uliopangwa, huoshwa, huongezwa kingamwili nyingine yenye kimeng'enya, huoshwa tena, kisha huwekwa dawa ya kuleta rangi. Penye HBsAg pana rangi. Mashine hupima ukali wa rangi na kuugawanya kwa kiwango cha mpaka kilichowekwa siku hiyo. Hiyo ndiyo S/CO uliyoiona. Ikifika 1, kipimo kimeitikia.

Kipimo kikiitikia mara ya kwanza, sampuli hiyohiyo hurudiwa mara mbili. Wakati mwingine marudio yote mawili hukaa chini ya mpaka, na hapo tatizo huwa ni la kazi yenyewe: kishimo hakikuoshwa vizuri, tone limeruka kutoka kishimo cha jirani chenye virusi vingi, au sampuli ilizungushwa kabla haijaganda sawasawa, ikabaki na nyuzi za mgando zilizoshika rangi. Hilo la mwisho hutokea sana pale watu wanapoharakishwa. Lakini marudio yako ni 1.8 na 2.0. Namba tatu zinazokaribiana namna hiyo zinaonyesha kwamba kuna kitu ndani ya sampuli ambacho mashine inakiona, kidogo lakini kila mara. Kosa la kuosha haliji na namba za kufanana hivyo.

Kuna jambo moja ambalo wanasihi hawana muda wa kulieleza. Mpaka wa kipimo cha damu ya kuchangia umewekwa chini kwa makusudi, kwa ajili ya mgonjwa atakayelazwa na kuongezewa damu hiyo. Kituo kiko tayari kutupa mifuko kadhaa isiyo na tatizo ili mmoja wenye kirusi usipite, na mimi nakiunga mkono kwa moyo wote. Gharama yake ni kwamba baadhi ya wachangiaji wasio na ugonjwa wataitwa. Tufanye hesabu ya kubuni: watu 10,000 wamechangia, 20 kati yao wana maambukizi kweli, na kipimo hukosea kwa mtu mmoja tu kati ya kila 1,000 wasio na ugonjwa. Kipimo kizuri mno hicho. Hata hivyo kitaita watu 30, na 10 kati yao, yaani theluthi, hawana chochote. Watu hao 10 mara nyingi huwa na S/CO ndogo, karibu na mpaka. Wenye maambukizi ya kudumu kwa kawaida huwa juu sana, makumi au hata mamia kutegemea aina ya mashine. Wewe uko kwenye 1.9.

Kwa nini basi tusiipuuze 1.9? Kwa sababu mtu aliyeambukizwa karibuni naye hupitia hapo. Baada ya kirusi kuingia mwilini hupita kama mwezi mmoja, pengine zaidi, kabla HBsAg haijafika kiwango cha kuonekana. Huko ndiko kunaitwa kipindi cha dirisha. Ikianza kuonekana huwa kidogo, kisha hupanda kwa kasi, kirusi kikijizidisha mara mbili kila baada ya siku mbili au tatu. Kwa hiyo namba ndogo ina maana tatu zinazowezekana: chanjo, kipimo kuitikia bure, au maambukizi machanga. Muda ndio utakaozitenganisha, pamoja na vipimo viwili nitakavyovitaja.

Lakini kwanza tahadhari juu ya huo "uthibitisho" unaosubiriwa. Kipimo cha kawaida cha kuthibitisha HBsAg hufanywa kwa kuchanganya sampuli na kingamwili zinazoifunga HBsAg, kisha kupima tena. Kama mwitikio unashuka kwa nusu au zaidi, huthibitika kwamba kilichoonekana ni HBsAg kweli. Kipimo hiki ni kizuri sana cha kuwatoa wale walioitikia bure. Kwako kina upungufu mmoja mkubwa: HBsAg ya chanjo nayo ni HBsAg kweli. Itafungwa, mwitikio utashuka, na karatasi itaandikwa "imethibitishwa". Mhudumu asiyejua habari ya chanjo yako atakuandika kuwa una maambukizi, na jina lako litaingia kwenye orodha ya waliozuiwa kuchangia maisha. Ndiyo maana nakuomba, kabla ya jambo lingine lolote, upeleke kadi ya chanjo kituoni na uhakikishe tarehe imeandikwa kwenye faili lako. Kama hukupewa kadi, omba barua kazini inayotaja tarehe na jina la chanjo.

Vipimo viwili vya kudai ni hivi. Cha kwanza ni kingamwili dhidi ya kiini cha kirusi, huandikwa anti-HBc. Kiini hakimo kwenye chanjo, kwa hiyo chanjo haiwezi kukitengenezea kingamwili. Mwenye anti-HBc amewahi kukutana na kirusi chenyewe. Cha pili ni kipimo cha vinasaba vya kirusi, HBV DNA. Chanjo haina vinasaba vya kirusi, na mtu mwenye maambukizi machanga kwa kawaida huwa navyo hata kabla HBsAg haijaonekana. Omba vyote viwili, na kama kituo hakifanyi, wakupe rufaa kwenda hospitali yenye kliniki ya ini.

Kuhusu siku ya kurudia, kwako imejipanga yenyewe. Dozi ya pili hutolewa mwezi mmoja baada ya ya kwanza. Siku hiyo nenda, damu itolewe kwanza, sindano ya chanjo ifuate. Ukichanjwa kwanza, ukapimwa wiki inayofuata, utakuwa umejirudisha ulipoanzia. Kama siku hiyo imepita au maabara haina nafasi, ahirisha dozi kidogo mpaka sampuli itolewe. Kuchelewa wiki moja au mbili hakuharibu chanjo wala hakukulazimu kuanza upya.

Majibu yakitoka utayasoma hivi. HBsAg imetoweka, anti-HBc hakuna, DNA hakuna: ilikuwa chanjo, au kipimo kiliitikia bure, na huna homa ya ini B. Endelea na dozi ya pili na ya tatu. HBsAg imepanda na DNA ipo: ni maambukizi mapya, na anti-HBc ya aina ya IgM, yaani kingamwili za mwanzo wa maambukizi, ikiwepo itaunga mkono. HBsAg ipo na anti-HBc ipo lakini IgM hakuna: huenda ni ya muda mrefu, na hapo maswali yataulizwa juu ya vipimo vya miaka iliyopita. Ipo hali ya nne ambayo huwachanganya wengi: HBsAg hakuna lakini anti-HBc ipo. Mara nyingi huyo aliugua zamani akapona bila kujua. Wachache kati yao hubaki na kirusi kidogo kilichojificha kwenye ini, na hao hutafutwa kwa DNA. Katika maeneo ambako ugonjwa ni mwingi watu wazima wengi wana anti-HBc, ndiyo maana si kila nchi huitumia kuchuja wachangiaji. Wangezuia watu wengi mno na damu ingepungua hospitalini.

Ukiona wamekupima na kingamwili za kinga, anti-HBs, na zimetoka sifuri, usidhani chanjo haikushika. Baada ya dozi moja watu wengi hawajawa nazo za kutosha. Mahali pa kuzipima ni mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya tatu, na zikifika 10 mIU/mL au zaidi umekingika.

Sasa ile maabara ya kidole. Kipimo cha haraka ni kile kijiti chenye mistari miwili, mmoja wa kuhakiki na mmoja wa jibu. Ni chombo chenye kazi yake, hasa mahali ambapo hakuna umeme wala mashine, na mwenye maambukizi ya kudumu kwa kawaida hukamatwa nacho. Lakini mashine nzuri huona HBsAg iliyo chini ya 0.1 IU/mL, wakati vipimo vya haraka vingi huhitaji kiasi kikubwa kuliko hicho kwa makumi. Kiasi kilichotoa S/CO 1.9 kwenye mashine kijiti hakiwezi kukiona, kiwe cha chanjo au cha maambukizi. Ongeza na muda uliopita kati ya kuchangia na kutoboa kidole: kama ilikuwa chanjo, huenda imekwisha kuondoka. Kwa hiyo majibu yale mawili hayapingani, na lile la pili halikusafishi. Kuna kosa lingine la vijiti ambalo hukugusia ila ni la kawaida: kila kijiti kina muda wake wa kusomwa, mara nyingi dakika 15 hadi 20. Kikiachwa mezani saa nzima kinaweza kuota mstari hafifu usio na maana yoyote, na mtu akapewa ugonjwa ambao hana.

Kuhusu kuchanganywa damu, haiwezekani kusema haitokei duniani. Lakini namba za mfuko na chupa hubandikwa wakati mmoja, mbele yako, na husomwa kwa mashine. Huna haja ya kugombana na mtu. Omba waoanishe namba iliyo kwenye karatasi yako na ile ya mfuko, kisha watoe sampuli mpya ambayo utaiona ikiandikwa jina na namba yako. Sampuli mpya hujibu hoja ya rafiki yako bila kelele.

Mkeo. Hapa naomba msome pamoja, kama atakubali. Shemeji, karatasi hii haina ushahidi wa uasherati. Kama ni chanjo, hakuna ugonjwa wa kuuliza umetoka wapi. Kama ni maambukizi kweli, kirusi hiki hupita kwenye damu na majimaji ya mwili kwa njia nyingi: kujamiiana, ndiyo, lakini pia wembe wa kinyozi, sindano au vifaa vya meno visivyotakaswa, kuchora mwili, kutoboa masikio, hata mswaki wa kuchangia. Damu iliyokauka juu ya kitu hubaki na kirusi chenye uwezo wa kuambukiza kwa angalau siku saba. Sitakudanganya pia: wengi wenye homa ya ini B duniani waliipata wakati wa kuzaliwa au utotoni, lakini kwa mtu ambaye kwa miaka kadhaa amepimwa akaonekana safi maelezo hayo hayatoshei vizuri. Hakuna kipimo cha maabara kinachoonyesha njia iliyotumika. Unachohitaji wewe ni kupimwa HBsAg, anti-HBc na anti-HBs kwa mkupuo mmoja. Ukionekana huna kirusi wala kinga, uanze chanjo siku hiyohiyo baada ya kutoa damu, bila kusubiri majibu ya mume. Dozi tatu, mwanzo, mwezi wa kwanza na mwezi wa sita. Ukiwa mjamzito waambie mapema, kwa sababu mama mwenye kirusi husaidiwa mtoto asiambukizwe: mtoto hupewa chanjo ndani ya saa 24 za kuzaliwa, na pale inapohitajika mama hupewa dawa kabla ya kujifungua. Kunyonyesha hakukatazwi.

Watoto waangalieni kadi zao za kliniki. Kwenye ratiba nyingi za chanjo za watoto kinga ya homa ya ini B imo ndani ya chanjo mchanganyiko inayotolewa kuanzia wiki ya sita hivi. Wenye dozi zote hawana la kuogopa kwa baba yao. Aliyekosa apelekwe.

Ndugu yangu, tuseme vipimo vimeonyesha ni maambukizi mapya. Kwa mtu mzima mwenye afya mwili hukiondoa kirusi wenyewe kwa zaidi ya watu 95 kati ya kila 100, ndani ya miezi sita. Ni tofauti kabisa na mtoto mchanga, ambaye uwezekano wa kubaki nacho maisha ni kama asilimia 90. Muda huo utafuatiliwa, hutapewa dawa kwa kawaida, utaacha pombe, na hutameza dawa yoyote bila kumwambia daktari, paracetamol ikiwemo kwa sababu nyingi yake huumiza ini. Macho yakigeuka manjano, mkojo ukawa kama chai ya rangi, au ukaanza kutapika mfululizo, kuchanganyikiwa au kutokwa damu ovyo, nenda hospitali saa hiyo. HBsAg ikibaki zaidi ya miezi sita, huitwa ya kudumu, na hapo hupimwa DNA, vimeng'enya vya ini ALT na AST, na chembe sahani ili kujua kama ini limeanza makovu. Wanaohitaji dawa hupewa tenofovir au entecavir, kidonge kimoja kwa siku, na kabla ya kuanza hupimwa virusi vya UKIMWI. Dawa hizo hazikatizwi ghafla bila daktari, maana kirusi hurudi kwa nguvu na ini linaweza kushindwa. Wengi huishi miaka mingi wakifanya kazi zao.

Nimekukataza unga wa mizizi kwa sababu ya haya haya. Ini ndilo linalochambua kila unachomeza. Mizizi isiyojulikana kipimo wala kilichomo inaweza kupandisha ALT yenyewe, na madaktari wakashindwa kujua kama ni kirusi au ni dawa. Tena, kama HBsAg yako ni ya chanjo, itatoweka ndani ya mwezi huohuo uliotajwa na muuzaji, naye atakutumia kama ushahidi wa kuwauzia wengine ambao wanaumwa kweli.

Umeuliza kama umewadhuru waliopewa damu yako. Mfuko wa safari hii haukumfikia mtu, wala sehemu zake. Chembe nyekundu, chembe sahani na utegili (plazma) vyote hufungiwa kwa namba moja na huteketezwa pamoja. Mifuko ya zamani ilipimwa na haikuitikia. Kinachobaki ni mfuko wa mwisho kabla ya huu, na hapo kila kituo kinachofanya kazi yake vizuri kina utaratibu: mchangiaji wa kurudia akithibitika kuwa na maambukizi, hufuatiliwa damu aliyotoa kabla, sampuli iliyohifadhiwa hupimwa upya ikiwepo, na hospitali iliyopokea hujulishwa ili mgonjwa apimwe. Kazi hiyo ni ya kituo, na jina lako halitajwi kwa mgonjwa. Wewe wape tarehe za kuchangia kwako, hasa kama uliwahi kuchangia mahali pengine, na uwaeleze kwa ukweli kama katika miezi iliyopita ulichanjwa chale, ulichorwa mwili, uling'olewa jino, ulifanyiwa upasuaji au ulipata mwenzi mpya. Fomu ile ya maswali ina uzito sawa na mashine, kwa sababu damu ya mtu aliye ndani ya dirisha hupita kwenye HBsAg bila kuonekana. Hata vituo vinavyopima DNA, ambavyo hulipunguza dirisha hilo, havijalifunga lote. Ndiyo sababu haifai mtu kuchangia damu kwa nia ya kujua majibu yake. Anayehofia ameambukizwa aende kliniki apimwe.

Mwisho, kuchangia tena. Ikithibitika ni maambukizi, hutachangia, hata ukipona, kwa miongozo ya nchi nyingi. Ikithibitika ni chanjo au kipimo kiliitikia bure, vituo vingi vina njia ya kukurudisha baada ya muda wa kusubiri na sampuli mpya safi. Vingine havina, hasa pale ambapo anti-HBc na DNA havipimwi. Omba jibu kwa maandishi, lenye sababu ya kuzuiwa na tarehe ya kurudi, maana ukihamia kituo kingine maneno ya mdomo hayatakusaidia. Ukirudishwa, kumbuka una dozi mbili zilizobaki, na baada ya kila moja hali hii inaweza kujirudia. Miongozo hutofautiana, mingine huzuia wiki moja, mingine mpaka mwezi. Ukisubiri wiki nne baada ya kila dozi utakuwa salama kwa yoyote kati ya hiyo.

Na kwa kuwa mlichanjwa kazini wengi kwa pamoja, mwambie aliyepanga zoezi hilo awatangazie wenzako leo. Kama kambi ya damu itakuja hapo ndani ya wiki chache zijazo, waliochanjwa wasubiri, au kambi iahirishwe. Siku nyingine ratiba ikipangwa, damu itolewe kwanza na chanjo ifuate.